Boti, gesti na mwisho wa reli: ninunue sasa au nisubiri?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Ujiji, nina miaka 29, nafanya kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja hapa Kigoma mjini. Mimi na kaka yangu tumerithi nyumba ya vyumba vitano kule Katonga, na tuna akiba kidogo. Kaka anataka tununue boti ya kupeleka watalii Gombe kuona sokwe mtu. Mimi nataka tukarabati nyumba iwe gesti. Mjomba anatuambia tusijisumbue, utalii ni wa Arusha, na wale wa kule wamebebwa na Serikali. Kaka naye anasema Serikali haina neno hapa, ukitoa huduma nzuri wageni watakuja wenyewe. Nani ana ukweli? Na hizo sera tunazozisikia bungeni zinatugusaje sisi watu wadogo huku mwisho wa reli?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mjomba amepatia kwa sehemu kubwa, ila hitimisho lake ndilo bovu. Kaka amepatia jambo moja tu, nalo linaanza baada ya mgeni kushusha begi. Huduma nzuri humfanya mgeni arudi, au amsimulie mwenzake. Lakini kabla hajafika Katonga, safari yake imepita mikononi mwa watu ambao hamtawaona: aliyeandika sheria ya kodi, aliyepanga ndege itue Kigoma siku zipi, aliyepanga kiingilio cha hifadhi, aliyepandisha tozo ya mafuta, na ofisa fulani huko Ulaya aliyewaandikia raia wake wajihadhari na maeneo ya mpakani. Kila mmoja wao ameshakata kipande cha pesa au cha siku za huyo mgeni. Nyinyi mnagombania kilichobaki.

Nianze na Arusha, kwa heshima ya mjomba.

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Wakati huo Arusha haikuwa na reli. Ya kwake ilifika 1929. Kama umbali peke yake ndio ungeamua, mji wetu ulikuwa na miaka 15 ya kutangulia, una ziwa, una bandari, na una Ujiji ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Kilichogeuza mambo ni maamuzi ya baada ya uhuru. Mwaka 1971 ukafunguliwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro. Miaka hiyohiyo shirika la umma la utalii likajenga hoteli za kitalii kaskazini: Lobo na Seronera ndani ya Serengeti, nyingine Ngorongoro, nyingine Manyara. Hizo zilikuwa fedha za umma, zilizoelekezwa upande mmoja wa nchi kwa sababu iliyoeleweka: wanyama walikuwepo na Nairobi ilikuwa karibu. Sekta binafsi iliporuhusiwa baadaye, ilikuta uwanja, barabara na vitanda vipo tayari. Mfanyabiashara gani angeviacha aje kufyeka pori Mahale?

Kwa hiyo "kubebwa" anakosema mjomba ni kweli, ingawa ni kubebwa kulikofanyika miaka hamsini iliyopita. Nasi huku Serikali ilitupa nini? Ilitupa ulinzi. Gombe ilikuwa pori la akiba tangu 1943, ikawa hifadhi ya taifa 1968, miaka minane baada ya mtafiti wa sokwe Jane Goodall kufika pale Julai 1960. Mahale, ambako Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto walianza utafiti mwaka 1965, ikawa hifadhi mwaka 1985. Bila maamuzi hayo leo tungekuwa tunauziana hadithi za sokwe mtu waliokuwepo zamani. Ila kulinda ni jambo moja, na kumfikisha mtu ni jingine. Mahale ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,613, na mpaka leo mgeni wake wa kawaida anaingia kwa boti au kwa kindege kidogo cha kukodi.

Hata huko kaskazini walikobebwa, sera iliyowabeba iliwahi kuwaangusha. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inakufa, Tanzania ilifunga mpaka na Kenya. Watalii wengi wa Serengeti wakati huo walikuwa wanatokea Nairobi kwa gari. Mpaka ulikaa umefungwa hadi mwishoni mwa 1983. Wenzetu walikuwa na hoteli nzuri, simba wale wale, milima ile ile, na vyumba vitupu. Mwambie kaka aniambie huduma nzuri ingesaidia nini hapo.

Halafu kuna thamani ya shilingi, ambayo watu wa utalii huizungumza kidogo kuliko inavyostahili. Miaka ya mwanzo ya themanini shilingi ilikuwa imeshikiliwa juu kwa amri. Mwaka 1985 dola moja ilikuwa karibu shilingi 17 kwa bei ya benki, wakati mitaani hali ilikuwa nyingine kabisa. Mgeni aliyebadilisha pesa kihalali aliona Tanzania ni nchi ghali mno, na kwa bei hiyo anakutana na choo kisicho na maji na gari lisilo na matairi, kwa kuwa hoteli haikuweza kupata fedha za kigeni za kuagiza vipuri. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ikaachiwa ishuke. Kufikia 1987 wastani ulikuwa kama shilingi 64 kwa dola. Iliwaumiza wanunuzi wa sukari na mafuta ya taa, nami nilikuwa mmojawao, lakini kwa utalii ndio mlango ulifunguka. Sera ya kwanza ya taifa ya utalii ikatoka 1991, Bodi ya Utalii ikaundwa miaka miwili baadaye, kampuni binafsi zikaota Arusha kama uyoga wa masika.

Sasa nirudi huku kwetu, maana hayo ya kaskazini mjomba anayajua.

Kwa mtazamo wangu, na wenzangu wizarani hawakuwa wakiupenda, waziri mwenye sauti kubwa zaidi juu ya utalii wa Kigoma ni wa uchukuzi, na anayemfuata ni wa fedha. Wa maliasili na utalii ni wa tatu. Fikiria mgeni wa kawaida wa Ulaya. Ana siku kumi au kumi na mbili za likizo. Serengeti anaingia kwa gari akitokea Arusha, Zanzibar ana ndege kila saa. Kuja kwetu inabidi atenge siku nzima ya kuja na siku nzima ya kurudi, na ndege ikiahirishwa anapoteza ya tatu. Siku zake ni mali adimu kuliko dola zake.

Nitakupa mfano wangu mwenyewe. Mwaka mmoja nilikuwa nimewapangia wageni sita siku tatu za Gombe. Boti imelipiwa, mgebuka umenunuliwa Kibirizi alfajiri, vyumba vimetandikwa. Jioni ya kuamkia safari, shirika moja la ndege, silitaji, likahamisha ratiba kwa siku moja bila kuniarifu. Wale wageni walikuwa na ndege ya kurudi kwao ambayo haiahirishwi. Siku tatu zikawa mbili, na kati ya hizo mbili moja ikanyesha. Sokwe walikuwa juu bondeni, hawakuonekana. Wageni walikuwa waungwana, walishukuru, na hakuna hata mmoja aliyenitumia mtu mwingine tena. Samaki tulikula sisi.

Ndiyo maana Serikali ilipoamua kulifufua Air Tanzania mwaka 2016 kwa kuleta ndege mbili za Bombardier Q400, nilifurahi kuliko matangazo yote ya utalii niliyowahi kuyaona. Kiuchumi unaweza kubishana sana kuhusu gharama za shirika la umma, na wanaobisha wana hoja. Lakini njia kama ya Kigoma, mfanyabiashara binafsi huiingia mwezi wa faida na kuitoka mwezi wa hasara. Ndege ya Serikali huja kwa sababu za Serikali. Ni kitu kile kile alichofanya Mjerumani na reli: hakuijenga hadi ziwani kwa ajili ya nauli za abiria.

Upanuzi wa uwanja wetu wa ndege, pamoja na wa Tabora, Shinyanga na Sumbawanga, kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ni mradi uliotajwa miaka mingi kabla ya tingatinga kuonekana. Reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria Dar hadi Dodoma katikati ya 2024, na wale waliopanda wanajua tofauti yake na kulala Itigi ukisubiri kichwa cha treni. Lakini mwanangu, usikope benki leo kwa kutegemea reli ambayo hujaipanda. Riba haisubiri mkandarasi. Na meli yetu ya Liemba, iliyoletwa vipande vipande kutoka Ujerumani, ikazinduliwa hapahapa 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916 na kuibuliwa 1924, imekaa miaka bila kubeba abiria. Wageni wanaoniandikia kuiulizia ni wengi kuliko wanaoulizia sokwe. Mali ya namna ile ikiwa haifanyi safari, ni kitanda kitupu Katonga.

Tuje kwenye kodi. Julai 2016 Serikali iliondoa msamaha wa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwenye huduma za utalii: kuongoza watalii, viingilio vya hifadhi, usafiri wa watalii. Asilimia 18. Mwaka huohuo Kenya ikafanya kinyume chake, ikaziondolea VAT huduma za wakala na viingilio vyao. Sina ugomvi na kodi. Barabara ya Kidahwe haijengwi kwa maombi. Ugomvi wangu ulikuwa kwenye saa. Safari za watalii huuzwa mwaka mzima kabla, bei imeshachapwa kwenye vitabu vya wakala wa nje. Bajeti inasomwa Juni, sheria inaanza Julai mosi, na Julai ndio msimu wenyewe. Kampuni nyingi zililipa tofauti hiyo kutoka mfukoni. Tangu hapo nilijifunza kwamba kwenye biashara hii mwaka mpya unaanza siku Waziri wa Fedha anaposimama na mkoba wake.

Kwa nyinyi wadogo kuna kizingiti. Tangu Julai 2023 anayelazimika kujisajili VAT ni mwenye mauzo ya kuanzia shilingi milioni 200 kwa mwaka. Kabla ya hapo ilikuwa milioni 100. Vyumba vitano vya Katonga havifiki huko hata vikijaa kila usiku, kwa hiyo bei yenu haitabeba ile asilimia 18. Hiyo ni nafuu ya kweli dhidi ya hoteli kubwa. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba VAT mtakayolipa kwenye simenti, magodoro na injini hamtaidai kwa mtu. Ipo pia tozo ya maendeleo ya utalii, dola moja na nusu kwa kila kitanda kwa usiku, iliyowekwa 2013, na halmashauri nayo ina ushuru wake wa nyumba za kulala wageni. Nendeni mkaulize vyote viwili kabla ya kupanga bei. Wengi huuliza baada.

Viingilio navyo ni sera, si bei tu. Kwa miaka mingi mgeni mzima kutoka nje ya Afrika Mashariki amekuwa akilipa Gombe dola 100 kwa saa 24, Mahale dola 80, na ukiweka VAT ya Gombe inakuwa 118. Mtanzania hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo. Watu hulalamika kwamba Gombe ni ghali. Mimi silalamiki. Sokwe mtu anaambukizwa mafua yetu na anakufa nayo, ndiyo maana wageni huingia kwa makundi madogo, kwa muda mfupi, na huko Mahale kwa barakoa hata kabla ya Korona. Kwa kilomita za mraba hamsini na kidogo huwezi kujaza watu kama soko la Mwanga. Wachache kwa bei kubwa ndiyo njia pekee. Rwanda walikwenda mbali zaidi: Mei 2017 walipandisha kibali cha kuwaona gorila kutoka dola 750 hadi 1,500 kwa mara moja, na sehemu inayokwenda kwa vijiji vya jirani ikatoka asilimia 5 hadi 10. Lakini Rwanda mgeni anashuka Kigali asubuhi na mchana yuko Musanze kwa lami. Wao wanauza dakika sitini za gorila. Sisi tunauza dakika sitini za sokwe pamoja na siku mbili za kuhangaika, halafu tunashangaa.

Lipo jambo la TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ambalo wakazi wa Kigoma hawaambiwi. Hifadhi nyingi za nchi hii hazijilipii. Zinalishwa na chache, Kilimanjaro na Serengeti zikiwa mbele. Mshahara wa askari wa Mahale kwa kiasi kikubwa unatoka kwa mtu anayepanda mlima akitokea Marangu. Kwa hiyo mjomba akiichukia Arusha, amkumbuke na huyo askari. Na mwaka 2020 watalii waliposhuka nchini kutoka 1,527,230 hadi 620,867, hifadhi zetu ziliumia kwa pigo la mbali, si kwa sababu mtu aliacha kuja Gombe. Mwaka huohuo, Julai, makusanyo ya hifadhi yalianza kukusanywa na Mamlaka ya Mapato, TRA, na kuingia Mfuko Mkuu wa Serikali. Mkurugenzi wa hifadhi aliyekuwa akitengeneza gati kwa makusanyo ya taasisi yake, gati lake likaanza kupanga foleni pamoja na zahanati na madawati. Unaweza kusema ni haki, zahanati ni zahanati. Ila ujue kwa nini gati lilichukua muda.

Hao watalii wamerudi, na zaidi: 2024 walifika 2,141,895. Serikali ilifungua anga mapema, Mei 2020, na Rais Samia mwenyewe akaitangaza nchi kwa filamu iliyozinduliwa Aprili 2022. Lakini wengi wa hao wageni wamekwenda Zanzibar na kaskazini. Hata pale Serikali ilipokopa Benki ya Dunia dola milioni 150 mwaka 2017 kuinua utalii nje ya kaskazini, fedha zilikwenda kusini: Ruaha, Mikumi, Udzungwa na upande ule wa Selous ya zamani. Magharibi haikuwemo. Mradi wenyewe ukasimamishwa na kufutwa 2024, baada ya malalamiko ya wanavijiji wanaopakana na Ruaha. Kwa hiyo msingoje mradi.

Sasa nyumba na boti.

Wewe upo mapokezi, nami nataka ufanye kazi moja usiku huu. Fungua daftari la wageni la miezi kumi na miwili na uhesabu: watalii wangapi, maofisa wa Serikali wangapi, wafanyakazi wa mashirika ya wakimbizi wangapi, wafanyabiashara wa Bujumbura, Uvira na Kalemie wangapi. Nina hakika watalii wa sokwe watakuwa kundi dogo kuliko yote. Vitanda vya Kigoma vimelishwa kwa miaka mingi na semina na kambi za wakimbizi. Na hivyo navyo ni sera. Mwishoni mwa 2015 Rais Magufuli alipoingia alizuia mikutano ya Serikali kufanyika kwenye mahoteli. Kwa mlipakodi lilikuwa jambo jema, posho zilikuwa zimezidi. Kwa hoteli za mikoani ilikuwa kama umeme kukatika. Niliwaona wenye hoteli waliojenga kumbi kwa mkopo wakizigeuza maghala. Machafuko ya Burundi ya mwaka huohuo yalileta wakimbizi Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, na pamoja nao magari meupe na wageni wa kulala wiki tatu. Kwa hiyo kuna gesti zilizopona kwa msiba wa jirani, ndivyo ilivyo. Mtendeli ilishafungwa 2021, wakimbizi wanarejea kwao, na magari meupe yanapungua. Anayejenga gesti leo kwa hesabu za 2016 atalia.

Hata hivyo nakuunga mkono wewe kuliko kaka. Nyumba mnayo, haihitaji mkopo mkubwa, na ina aina nne za wageni. Sera ikiliumiza kundi moja, jingine linaweza kusimama. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na Burundi ilikuwemo tangu 2007, kwa hiyo mfanyabiashara wa Kalemie ni soko linalokua, naye halalamikii ndege kwa sababu anakuja kwa maji. Anza na vyumba vitatu. Kimoja kiwe kizuri kweli, na mtazamo wa ziwa, kwa yule mtalii mmoja wa wiki. Viwili viwe safi na vya bei ya mtu wa kawaida. Maji yasikatike. Taa iwepo hata umeme ukikatika.

Boti ni habari nyingine. Mafuta kwanza: bei kikomo ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutofautiana kwa umbali, na lita ya Kigoma huwa juu ya lita ya Dar. Bajeti ya 2023 iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Mwendo wa kwenda na kurudi Gombe kwa injini ya nje unakula mafuta usipobeba mtu karibu kama unavyokula ukibeba sita. Pili, TASAC, wasimamizi wa usafiri wa majini, watakagua chombo, jaketi okozi, na nahodha. Na hilo sikuombi mlikwepe, upepo wa Juni hadi Agosti mnaujua kuliko mimi. Tatu, leseni. Kupeleka watalii kama kampuni kunataka leseni ya wakala wa utalii, ile wengi bado wanaiita TALA, na kwa muda mrefu masharti yake yalipimwa kwa idadi ya magari. Magari! Yaliandikwa na mtu aliyekuwa akiangalia Ngorongoro kupitia dirishani. Nilikaa kwenye mkutano mmoja nikauliza gari litapita wapi kwenda Gombe, watu wakacheka, mkutano ukaendelea.

Njia rahisi ni hii. Kaka asiwe wakala, awe mwenye chombo anayekodisha kwa mawakala na kwa hoteli, pamoja na ile unayofanyia kazi. Anabaki na leseni ya chombo na biashara, mzigo wa leseni ya utalii unabaki kwa wakala. Na kwa mwaka wa kwanza asinunue, akodi. Serikali za nchi nne zinazozunguka ziwa zilikubaliana kupumzisha uvuvi, na mwaka 2024 upande wetu ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Utaratibu huo ukiendelea, kipindi hicho ndicho msimu wa watalii unapoanza, na wenye maboti wengi watakuwa pwani wakitafuta kazi. Atapata chombo kwa bei ya mazungumzo. Ila jikoni kwako ujue mgebuka utakuwa shida miezi hiyo, panga kuku.

Kuna kanuni mbili za karibuni zinazowahusu moja kwa moja. Machi 2025 Serikali ilikataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Ile tabia ya kuandika ukutani "chumba dola 25" imekwisha. Andika shilingi, na tafuteni mashine ya kadi au njia ya malipo ya simu, kwa sababu mgeni anayetua Jumapili jioni hatapata benki. Na Julai 2025 likatoka katazo kwa wasio raia kufanya baadhi ya biashara ndogo, kuongoza watalii ikiwemo. Wewe unaongea Kiingereza kila siku pale mapokezi, na Ujiji umekulia. Kumtembeza mgeni kutoka kwenye makumbusho ya Livingstone, ukamwonyesha miembe ya njia ya misafara, ukamshusha hadi ufukweni wanakochonga mitumbwi, hakutaki injini wala petroli. Uliza tu taratibu za mwongoza watalii kabla hujapokea pesa ya kwanza.

Jambo la mwisho ni mkataba, maana kaka atataka kusaini haraka wakala wa Arusha akimpigia. Bei iwe kwa shilingi. Iandikwe kwamba kodi, tozo au bei ya mafuta ikibadilika Julai, bei inajadiliwa upya. Iandikwe pia nani analipa ndege isipokuja: nahodha ameamka saa kumi usiku, mafuta yako tangini, na wageni wako Dar. Mimi sikuwa nimeandika.